Michoro ya krayoni ukutani: Namna ya kuiondoa bila kuharibu rangi wala kuhatarisha watoto

Na Mwandishi Wetu

NI nadra kumpata mzazi aliyelea mtoto wa kati ya miaka miwili na mitano ambaye hajawahi kukuta ukuta wa sebule yake umejaa mistari myekundu, ya buluu na ya kijani, iliyochorwa kwa bidii na mkono mdogo usiojua thamani ya rangi ya nyumba.

Kwa mwenye nyumba yake, jambo hilo huweza kuchukuliwa kuwa ni usumbufu wa siku moja. Kwa mpangaji, hata hivyo, michoro hiyo ni gharama, kwa sababu wenye nyumba wengi humtaka anayehama aache kuta zikiwa safi kama alivyozikuta, au alipie rangi mpya kabla ya kurudishiwa fedha zake za dhamana.

Kutokana na hofu hiyo, wazazi wengi hukimbilia chochote kilicho karibu. Wapo wanaosugua kwa steeliwaya mpaka rangi ikabanduka, wapo wanaomwaga mafuta ya taa, na wapo wanaochanganya dawa za usafi bila kujua kwamba mchanganyiko huo unaweza kuwadhuru wao na watoto wao.

Ukweli ni kwamba alama za krayoni huondoka kwa vitu vya kawaida vinavyopatikana jikoni, ilimradi mtu aelewe kwanza krayoni imetengenezwa kwa kitu gani, na pili ukuta wake umepakwa rangi ya aina gani.

Krayoni ni nini hasa?

Krayoni ni kalamu ya nta. Jina lenyewe lina asili ya neno la Kifaransa lenye maana ya chaki, lakini krayoni za watoto za siku hizi si chaki. Hutengenezwa kwa kuyeyusha nta ya parafini, kuitia unga wa rangi, kisha kuimimina katika viumbo na kuiacha igande.

Krayoni za aina hiyo zilipata umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 1903, pale kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilipoanza kuuza boksi la krayoni nane za Crayola kwa senti tano. Tangu hapo zimeenea katika shule za awali na majumbani karibu duniani kote.

Nta ya parafini hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Ndiyo nta ileile inayotengenezewa mishumaa mingi tunayowasha umeme unapokatika.

Nta hiyo ina sifa mbili ambazo kila anayetaka kuisafisha anapaswa kuzikumbuka. Ya kwanza ni kwamba haichanganyiki na maji. Ndiyo maana mtu anayesugua mchoro wa krayoni kwa maji matupu huona matone yakiteleza juu ya mistari bila kuidhuru.

Sifa ya pili ni kwamba hulainika haraka inapopata joto. Kwa kawaida parafini huyeyuka katika nyuzi joto za kati ya 46 na 68 za Selsiasi, yaani joto dogo kuliko la maji yanayochemka.

Mafundi wa batiki wanazifahamu vyema sifa hizi. Fundi huchora ua au samaki kwa nta ya moto juu ya kitambaa, kisha hukitumbukiza kitambaa katika rangi. Pale palipo na nta, rangi haiingii. Akimaliza, hukichemsha kitambaa katika maji, nta ikayeyuka na kuelea juu, na ua likabaki.

Mambo hayo mawili ndiyo yanayotokea ukutani. Nta huyakataa maji, na nta huondoka kwa joto.

Kwa nini kupaka rangi juu yake hakusaidii

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni kupaka rangi ya maji juu ya michoro. Hilo ni kosa linalowagharimu wengi, kwa sababu ile kazi ya fundi wa batiki hujirudia. Nta huizuia rangi mpya isishike, na baada ya koti moja au mawili mistari huonekana tena, au rangi hubanduka palepale ilipo.

Kwa hiyo nta lazima iondolewe kwanza. Iwapo imeondoka lakini kivuli cha rangi kimebaki, sehemu hiyo ipakwe rangi ya msingi yenye asili ya mafuta, iachwe ikauke kabisa, ndipo rangi ya maji ipakwe juu yake.

Ujue ukuta wako

Nyumba zetu nyingi zina kuta za aina tatu: zilizopakwa rangi ya mafuta, zilizopakwa rangi ya maji, na zilizopakwa chokaa. Kila aina ina masharti yake, na dawa inayofaa ukuta mmoja huweza kuuharibu mwingine.

Rangi ya mafuta ndiyo yenye mng'ao. Mara nyingi hupakwa katika milango, madirisha, jikoni, na katika sehemu ya chini ya kuta za shule na hospitali, kwa sababu ndiyo inayostahimili kuoshwa. Mafundi wanaoipaka katika mita moja ya chini ya ukuta wa sebule wanajua wanachokifanya, maana hapo ndipo mikono ya watoto inapofika.

Rangi ya maji haina mng'ao mkubwa na hunyonya unyevu. Ukiisugua kwa nguvu, huacha baka linalong'aa ambalo huonekana zaidi kuliko ule mchoro uliokuwa unaondolewa.

Chokaa ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya maji na msuguano. Ukipitisha kiganja juu yake, huacha unga mweupe mkononi.

Kabla ya kuanza kazi yoyote, jaribu kwanza mahali pa kificho, kwa mfano nyuma ya kabati au mlango, na usubiri pakauke. Iwapo rangi haikubadilika, endelea.

Ukuta wa rangi ya mafuta

Anza kwa kukwangua nta iliyosimama juu ya ukuta kwa ukingo wa kadi ya plastiki au rula. Usitumie kisu wala wembe, kwani hukata rangi.

Kisha chukua maji ya uvuguvugu, tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chovya kitambaa laini, kikamue, na ufute kwa kuzungusha taratibu. Sabuni husaidia kwa sababu chembe zake zina upande mmoja unaoshikamana na mafuta na nta, na upande mwingine unaoshikamana na maji, hivyo huibeba nta na kuondoka nayo.

Mistari ikikataa, nyunyiza katika kitambaa hicho chenye unyevu kiasi cha nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotiwa katika keki. Punje zake ni laini, hivyo hukwangua nta bila kuchimba rangi iliyo chini. Wengine hutumia dawa ya meno nyeupe kwa kazi hiyo hiyo, lakini isuguliwe kidogo tu, maana huweza kufifisha mng'ao.

Maliza kwa kufuta kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kaushe. Ukiosha eneo kubwa, anzia chini kwenda juu. Maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu huacha michirizi migumu kutoka, lakini yakitiririka juu ya sehemu iliyokwisha kuloweshwa hufutika kwa urahisi.

Ukuta wa rangi ya maji

Hapa joto ndilo rafiki wa kwanza. Iwapo nyumbani kuna mashine ya kukaushia nywele, elekeza hewa yake ya moto kwenye mchoro kwa sekunde chache mpaka nta ianze kulainika na kung'aa, kisha gandamiza karatasi laini ya jikoni au kitambaa cheupe cha pamba ili kuinyonya.

Badilisha sehemu ya karatasi kila mara, la sivyo utakuwa unaihamisha rangi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Gandamiza, usisugue.

Asiye na mashine hiyo anaweza kuchovya kitambaa katika maji ya moto, kukikamua mpaka kisidondoke, na kukigandamiza juu ya mchoro kwa muda mfupi. Baadaye afute mabaki kwa kitambaa chenye sabuni kidogo sana.

Katika maduka makubwa huuzwa pia sifongo nyeupe za melamini, ambazo hufanya kazi vizuri mno kwa maji peke yake. Mtumiaji ajue kwamba sifongo hiyo, ijapokuwa laini mkononi, hufanya kazi kama msasa mwembamba sana. Ipitishwe kwa wepesi, na isitumiwe kabisa kwenye rangi ya giza au yenye mng'ao.

Ukuta wa chokaa

Ukuta wa chokaa usipakwe mafuta ya aina yoyote. Chokaa hunyonya mafuta, na doa la mafuta lililoingia ndani ni baya kuliko mchoro wenyewe.

Njia iliyo bora ni kukwangua taratibu tabaka la juu lenye nta, kufagia unga wake kwa brashi kavu, na kupaka koti mbili jembamba za chokaa mpya, la pili likifuata baada ya la kwanza kukauka. Kazi hiyo haina gharama kubwa.

Wakazi wa nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, wana sababu ya ziada ya kufuata njia hii. Kuta hizo zinahitaji kutoa unyevunyevu nje kupitia lipu yake ya chokaa. Kuziziba kwa rangi ya mafuta ili kuficha michoro huufungia unyevu ndani, na lipu huanza kuvimba na kudondoka.

Samani, vioo, nguo na mazulia

Kwenye meza na kabati za mbao zilizopigwa vanishi, paka tone la mafuta ya kupikia au ya nazi juu ya mchoro, acha kwa dakika tano, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Mafuta huilainisha nta, kwa kuwa vitu vyenye asili ya mafuta huelewana. Malizia kwa kitambaa chenye sabuni kidogo ili kuondoa utelezi. Mbao isiyo na vanishi isipakwe mafuta, bali ikwanguliwe kwa uangalifu.

Kioo cha dirisha ndicho chepesi kuliko vyote. Hapo wembe unaruhusiwa, ukilazwa karibu sawa na kioo kilicholoweshwa maji ya sabuni, na kazi hiyo ifanywe na mtu mzima. Kioo cha televisheni au cha kompyuta ni jambo jingine. Kina tabaka jembamba linaloharibika, hivyo kizimwe, kipoe, kisha kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu mdogo tu.

Kwa nguo, gandisha nta kwanza kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, kisha ikwangue kwa mgongo wa kijiko. Weka nguo kati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na maandishi, na upitishe pasi yenye joto la wastani. Nta itahamia kwenye karatasi. Gazeti halifai, kwa kuwa wino wake huweza kuhamia kwenye nguo. Baada ya hapo, ifue nguo kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu.

Kosa la kawaida ni kuipiga pasi nguo yenye krayoni bila karatasi, au kuikausha katika mashine ya joto kabla doa halijatoka. Joto huisukuma nta ndani ya nyuzi, na doa hugeuka kuwa la kudumu.

Mazulia na makochi ya kitambaa hutendewa kama nguo: barafu, kijiko, kisha karatasi na pasi ya joto dogo. Mikeka ya ukindu isimwagiwe maji ya moto, maana rangi yake huweza kuchuja. Ikwanguliwe ikiwa mikavu, na ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Mambo ya kuepuka kabisa

Sehemu hii ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili.

Mafuta ya taa huyeyusha krayoni, hilo halina ubishi, kwa sababu yote mawili yana asili moja ya petroli. Hata hivyo, mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu zinazowapeleka hospitalini watoto wengi katika nchi zinazoendelea. Sababu kubwa ni kuyahifadhi katika chupa za maji au za soda, ambazo mtoto mwenye kiu hawezi kuzitofautisha.

Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Mtoto anapoyameza, au anapotapika baada ya kuyameza, kiasi kidogo huingia katika njia ya hewa na kuunguza mapafu. Kwa sababu hiyo, aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika na asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu. Akimbizwe hospitali mara moja, pamoja na chupa aliyoinywea.

Petroli isitumiwe kabisa ndani ya nyumba. Mvuke wake husambaa sakafuni bila kuonekana na huweza kushika moto kutoka kwa jiko lililo chumba cha pili.

Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini, ambazo wengi huziita Jik bila kujali chapa, hazina faida yoyote hapa kwa sababu haziyeyushi nta. Ubaya zaidi, zikichanganywa na siki au dawa za kusafishia choo zenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Zikichanganywa na dawa zenye amonia, hutoa gesi nyingine yenye madhara kwa macho na mapafu. Zikishachanganyika kwa bahati mbaya, fungua madirisha, toka nje na watoto wote, na usirudi mpaka hewa isafike.

Jambo la mwisho ni vumbi la rangi. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, zilitiwa madini ya risasi. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unapendekeza risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni, lakini kuta zilizopakwa miaka mingi iliyopita zinaweza kuwa na kiasi kikubwa zaidi.

Anayekwangua au kupiga msasa ukuta wa namna hiyo ukiwa mkavu hurusha vumbi ambalo mtoto hulila kwa vidole vyake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kwa watoto wadogo hudhuru ukuaji wa ubongo. Hivyo, ukuta wa rangi ya zamani usafishwe kwa kitambaa chenye maji, na iwapo ni lazima ukwanguliwe, uloweshwe kwanza, watoto wawe mbali, na sakafu ipigwe deki baadaye badala ya kufagiwa.

Na mchoraji je?

Imebaki habari ya mtuhumiwa mwenyewe. Katika nyumba nyingi, ukuta ukishachafuliwa, kinachofuata ni kiboko. Mzazi anapaswa kujiuliza mtoto huyo alikuwa akifanya nini hasa.

Mtoto huanza kuchorachora akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Akifikisha miaka mitatu, wengi huweza kuiga duara, minne, msalaba, na kuelekea mitano, mraba. Hatua hizo ndizo zinazomwandaa kushika kalamu na kuandika herufi atakapoanza shule. Mistari ya ukutani, pamoja na kero yake, ni dalili kwamba mkono na jicho vinaanza kufanya kazi pamoja.

Anayepigwa kwa sababu ya kuchora hujifunza kuogopa kalamu, wala hajifunzi kuheshimu ukuta. Anayepewa kitambaa na kuambiwa kwa upole, "Njoo tufute pamoja," hujifunza yote mawili: kwamba kuchora si kosa, na kwamba ukuta si mahali pake.

Mpe mahali pake. Magazeti ya zamani, maboksi yaliyofunguliwa, au kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi na chaki chache humtosha. Wanaomudu wanaweza kununua krayoni za aina inayoyeyuka katika maji, ambazo hutoka kwa kufutwa tu. Muhimu zaidi ni kuzihifadhi juu, mahali ambapo mtoto atazipata kwa kuomba.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukuta hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kadhaa, na hakuna anayekumbuka ulivyokuwa. Mapafu yaliyoungua kwa mafuta ya taa na moyo uliovunjwa kwa kiboko havina fundi wa kuvipaka upya. Kwa hiyo, mzazi, chukua kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mwite mtoto wako, na kazi hiyo ifanyeni pamoja.